Orodha ya Maneno ya Kupuuzwa Iwe Fupi

Karibu kila programu ya kuchagua maneno muhimu ya makala za tovuti huhitaji faili la maneno ya kupuuzwa, yaani yale ambayo programu ikikutana nayo iyaruke: na, ya, kwa, katika, lakini. Kwa Kiingereza faili hilo huja limeshajazwa. Kwa Kiswahili mara nyingi huja tupu, na mwenye tovuti huingia mtandaoni kutafuta la kupakua. Ipo orodha moja ya Kiswahili inayozunguka sana huko, yenye maneno yasiyofika mia. Isome kabla ya kuitumia. Pamoja na "na" na "kwa" ulizozitarajia, utakuta humo "akasema", "tafadhali", "sauti", "kima", "chini" na "mara". Kwa sura yake ni maneno yaliyookotwa kwenye vitabu vya hadithi, ambamo mtu akasema na sauti ikasikika, wala si kwenye taarifa za habari au maandishi ya ofisi. Sasa ipitishe juu ya makala inayozungumzia kima cha chini cha mshahara: kitakachobaki ni "mshahara". Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004, litabaki "busara". Makala ya Mkoa wa Mara itapewa neno "mkoa", kana kwamba Tanzania ina mmoja tu.

Ni rahisi kusema kwamba tatizo ni orodha mbovu na dawa yake ni kutafuta iliyo bora. Sikubaliani. Tatizo limeanzia mbali zaidi, kwenye dhana kwamba kazi ya kupata maneno muhimu ni kazi ya kufuta, na kwamba anayefuta mengi ndiye atakayebaki na yaliyo safi. Dhana hiyo ina historia. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, alichapisha njia ya kuifanya mashine itengeneze muhtasari wa maandishi yenyewe. Alihesabu maneno, akaona kwamba yanayojirudia mno hayabebi habari, na yanayotokea mara mojamoja nayo hayasaidii. Yenye uzito yako katikati. Hoja yake ilikuwa sahihi na bado inafanya kazi. Lakini aliijenga juu ya Kiingereza, lugha ambayo hupanga nomino mbili au tatu zikifuatana bila kiungo chochote. Ukiyafuta maneno madogo ya Kiingereza, istilahi nyingi hubaki nzima. Kiswahili huunganisha istilahi zake kwa hayohayo maneno madogo: haki za binadamu, bima ya afya, chanjo ya surua, Umoja wa Mataifa, mabadiliko ya tabianchi. Anayefuta "ya", "wa" na "za" kila zinapoonekana hapunguzi taka; anavunja istilahi yenyewe. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mhariri au fundi wa tovuti ya Kiswahili ni huu: orodha ya maneno ya kupuuzwa iwe fupi kadiri inavyowezekana, na nguvu zote ulizotaka kuzitumia kuirefusha zihamie kwenye orodha ya pili, ya maneno na mafungu ya kulindwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni RAKE, njia iliyochapishwa mwaka 2010 na Stuart Rose na wenzake, ambayo programu nyingi za bure zimeichukua kwa sababu ni nyepesi na haihitaji kufundishwa. RAKE huyafanya maneno ya kupuuzwa kuwa mipaka: kila linapotokea neno la orodha, fungu linakatwa hapo. Kwa Kiingereza mbinu hiyo ni ya werevu sana. Kwa Kiswahili "haki za binadamu" inakuwa vipande viwili, "haki" na "binadamu", na kila kimoja peke yake ni kipana kiasi cha kutomsaidia msomaji hata kidogo. Marekebisho yake hayahitaji utaalamu mkubwa. Gawa orodha yako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la maneno yasiyoruhusiwa mahali popote ndani ya neno muhimu: lakini, kwamba, ambaye, ingawa, huyo, hiyo, pia, yaani. Haya yakitokea, kata. Fungu la pili ni la viunganishi vinavyoruhusiwa kukaa katikati lakini havina ruhusa ya kuanza wala kumalizia: wa, ya, la, cha, vya, za, pa, kwa, na. Kwa kanuni hiyo moja "bima ya afya kwa wote" inapona, "Wizara ya Maliasili na Utalii" inapona, na "ya afya kwa" inakataliwa. Kama programu yako haikupi nafasi ya kuweka mafungu mawili, muulize aliyeitengeneza. Na kama haiwezekani kabisa, ni afadhali viunganishi hivyo uviache nje ya orodha na kuyachuja matokeo baadaye kuliko kuviacha vikate istilahi tangu mwanzo.

Mtu atasema kwamba mlango ukifunguliwa hivyo uchafu nao utaingia: "siku ya pili ya ziara ya rais", "sehemu kubwa ya wananchi wa kata". Utaingia kweli. Lakini uchafu wa aina hiyo una tabia inayoutambulisha, nao ni kutojirudia. Fungu ambalo ni istilahi hutokea katika makala nyingi likiwa na umbo lilelile. Fungu lililozaliwa na sentensi moja hufa na sentensi hiyo. Dai basi kwamba fungu lolote, kabla halijawa neno muhimu, liwe limeonekana katika makala tatu tofauti au zaidi za tovuti yako. Weka pia ukomo wa urefu, ila hesabu maneno yenye uzito tu, usihesabu viunganishi. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ina maneno saba kwa jumla na manne tu yenye uzito. Ukomo wa maneno matano ya kawaida ungeikata, ukomo wa manne yenye uzito unaipitisha. Majina yenye mkato ndani yake, kama Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, hayataokolewa na kanuni yoyote, kwa sababu programu huuchukua mkato kuwa mpaka. Hayo yaandike mwenyewe kwenye orodha ya kulindwa, na hakikisha orodha hiyo inasomwa kwanza, kabla programu haijakata chochote.

Kishawishi kikubwa zaidi cha kurefusha orodha kinatokana na vitenzi. Mhariri anaona "amesema" imejitokeza kama neno muhimu, anaiongeza kwenye orodha. Kesho inatokea "walisema", keshokutwa "atasema". Hapa hesabu ndogo yatosha kuonyesha kwamba njia hii haina mwisho. Viambishi vya nafsi ni sita. Ukichukua njeo na hali tano tu, kitenzi kimoja kina maumbo thelathini, na hapo hujagusa ukanushi, hujaweka kiambishi cha mtendwa, hujaweka virejeshi, wala ngeli nyingine ambazo nazo zina viambishi vyake. Hakuna faili litakalotosha. Wengine wakiliona hilo hukimbilia kanuni ya herufi za mwanzo: kila neno linaloanza na "wali-", "wana-" au "wata-" ni kitenzi, lifutwe. Kwa kanuni hiyo wanakwenda na maji walimu, wanafunzi, wanawake, wanasiasa, watalii, watafiti na Watanzania wote. Kanuni ya mwisho wa neno nayo ina hatari yake. Ni kweli kwamba "bungeni" na "bunge", "shuleni" na "shule" vinafaa kuhesabiwa pamoja, lakini ukiamuru "-ni" ikatwe kila mahali, "thamani" na "jirani" zitaachwa viguguta visivyo na maana, na "amani" itageuka "ama", ambayo ni neno la kupuuzwa, kwa hiyo habari nzima ya mazungumzo ya amani itapita bila neno amani.

Kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili kwa kompyuta ni kazi iliyokwisha kufanywa na watu waliojitolea miaka mingi. Mfumo wa SALAMA wa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ni ushahidi kwamba inawezekana, na ukubwa wake ni ushahidi kwamba si kazi ya kanuni tatu za jioni moja. Tovuti ndogo isiyo na mchanganuzi wa aina hiyo ina njia ya wastani. Kwanza, usivifute vitenzi kwa orodha. Punguza uzito wa maneno yasiyotokea ndani ya mafungu yenye kiunganishi, kwa maana nomino za Kiswahili hupenda kukaa karibu na "ya" na "wa" kuliko vitenzi. Pili, kila unapotaka kukata mwanzo au mwisho wa neno, kata tu pale ambapo kinachobaki kipo kama neno kamili katika hifadhi ya tovuti yako na hakimo katika orodha ya kupuuzwa. Sharti hilo linaiokoa "amani" na bado linaipeleka "hospitalini" kwa "hospitali". Litakosea hapa na pale, na makosa yaliyobaki yaende kwenye orodha ya kulindwa.

Kuna mambo ya kiufundi ambayo hayana mvuto wa kuyajadili lakini ndiyo yanayoharibu kazi kimyakimya. Alama ya ritifaa ni mojawapo. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine huichukua kuwa mwisho wa neno, hivyo "ng'ombe" inakuwa "ng" na "ombe". Orodha ile inayozunguka mtandaoni ina "ng" ndani yake kama neno la kupuuzwa, dalili kwamba kasoro hiyo ilikuwapo wakati maneno yalipohesabiwa na dawa iliyopatikana ilikuwa kuificha. Isitoshe, ritifaa huandikwa kwa alama zaidi ya moja, iliyonyooka na iliyopinda, na kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti. Zigeuzwe kuwa moja kabla ya hatua nyingine yoyote. Herufi kubwa ni jambo la pili. Programu nyingi hushusha herufi zote kuwa ndogo, na hapo Mara ya mkoa na mara ya kuhesabu zinakuwa kitu kimoja, Simba ya Msimbazi na simba wa Serengeti vilevile. Kama programu yako inaruhusu, acha orodha ya kulindwa itofautishe herufi kubwa na ndogo hata kama orodha ya kupuuzwa haitofautishi. La tatu ni ukomo wa herufi. Ukiambiwa programu inatupa kila neno lenye herufi chini ya nne, kumbuka kwamba inatupa VVU, TRA, ada, jua na Wilaya ya Hai.

Wilaya nyingine ya mkoa ilimo Hai nayo ina balaa lake. Tovuti nyingi za kwetu huchanganya lugha, kwa hiyo fundi huwasha orodha ya Kiingereza pamoja na ya Kiswahili, jambo la busara, isipokuwa kwamba orodha nyingi za Kiingereza zina neno "same", na Wilaya ya Same mkoani Kilimanjaro hutoweka kwenye tovuti bila mtu kujua sababu. Wala tusidhani orodha za Kiingereza ni safi kwa kuwa ni za wenye lugha na mitambo. Ile iliyotumika katika scikit-learn, maktaba ya programu inayotegemewa duniani kote, wakati mmoja ilikuwa na neno la kompyuta miongoni mwa maneno ya kupuuzwa, hadi likaondolewa. Orodha yoyote ya kupakuliwa ni maoni ya mtu kuhusu maandishi yake. Yako ni mengine.

Basi orodha fupi ipatikane wapi? Ipatikane ndani ya hifadhi yako. Chukua makala zote za mwaka mmoja au miwili, hesabu kila neno limo katika makala ngapi, siyo limetokea mara ngapi, kisha panga kuanzia lililoenea zaidi. Maneno mia mbili ya juu yasomwe na mhariri kwa macho yake, neno kwa neno. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo ni ya mhariri, si ya fundi, kwa kuwa uamuzi unaotakiwa ni wa lugha na wa habari. Usiweke kiwango na kuiachia mashine ikate yenyewe, maana juu kabisa, bega kwa bega na "katika" na "kuwa", utakuta "serikali" na "Tanzania". Kwa tovuti ya afya utakuta "afya". Maneno haya ni mapana mno kuwa lebo yakiwa peke yake, lakini ndani ya fungu yana kazi: bima ya afya, serikali za mitaa. Yaweke katika fungu la tatu, la maneno yasiyosimama peke yake. Mengine yote yaliyobaki yaachie mizani. Karen Spärck Jones alionyesha mwaka 1972 kwamba neno lipewe uzito kadiri linavyopatikana katika maandishi machache, na programu nyingi za leo zinafanya hivyo. Mizani hiyo ndiyo inayotupa ujasiri wa kuwa na orodha fupi: neno la kati na kati halihitaji hukumu ya kufutwa au kubakishwa, linapunguzwa uzito tu.

Maneno ya fremu ya ukurasa, kama "soma zaidi", "picha", "maoni" na "haki zote zimehifadhiwa", yasiingie orodhani hata kidogo. Yanatoka kwenye umbo la ukurasa, kwa hiyo yaondolewe huko, kwa kuielekeza programu isome mwili wa makala tu. Ukiipuuza "picha" ili kuondoa kitufe, umeipuuza pia kwenye makala ya upigaji picha.

Orodha ya kuunganisha maneno yenye maana moja ndiyo inayotaka uangalifu kuliko zote, kwa sababu kosa lake halionekani kama kosa. Kuandika kwamba kompyuta na tarakilishi zihesabiwe pamoja hakumdhuru mtu. Kuunganisha VVU na UKIMWI ni kosa la kitabibu, hata kama wasomaji wengi huvichanganya. Vifupisho ndivyo vyenye mitego zaidi. Kenya ilikuwa na mfuko wa bima ya afya, NHIF, ambao kazi zake zilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Mhariri wa Nairobi anayeandika kwenye orodha kwamba NHIF ni SHA amefanya jambo linaloeleweka. Lakini Tanzania nayo ina NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao uko palepale. Tovuti inayosomwa pande zote mbili za mpaka ikiitumia kanuni hiyo itawapeleka Watanzania kwenye mamlaka isiyo yao. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ya Tanzania ilibadilika jina mwaka 2024 kuwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kenya ina Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Majina haya yanafanana kiasi kwamba programu inayokata "huru" na "taifa" kama maneno mapana itayafanya yote mawili ya Tanzania kuwa "tume" na "uchaguzi", na la Kenya litatofautiana nayo kwa "mipaka" tu. Kwa hiyo kila mstari wa orodha hii uwe na nchi, uwe na tarehe ya kuanza, na pale inapofaa tarehe ya mwisho. Makala ya mwaka 2020 ibaki na jina la mwaka 2020, na msomaji anayetafuta jina jipya aonyeshwe kwamba la zamani lipo.

Wapo watakaouliza kwa nini kujisumbua, ilhali Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiyatazami maneno muhimu yaliyofichwa kwenye kichwa cha ukurasa inapopanga matokeo. Hilo ni kweli, na anayetunza orodha kwa ajili ya kisanduku kile tu apumzike. Faida iko ndani ya tovuti yenyewe: kisanduku cha kutafuta, makala zinazohusiana zinazoonyeshwa chini, kurasa za mada, na hifadhi ambayo mwandishi huirudia anapotafuta taarifa ya nyuma. Swali zito zaidi ni la modeli kubwa za lugha, ambazo husoma makala nzima na kutoa maneno muhimu bila orodha yoyote. Kwa makala moja hufanya vizuri, mara nyingi vizuri kuliko RAKE. Ugumu huja kwenye makala elfu moja. Leo modeli itasema "bima ya afya", kesho "bima ya afya kwa wote", mtondo "mfumo wa bima za afya", zote zikiwa sahihi, na ukurasa wako wa mada utagawanyika vipande vitatu ambavyo hakuna kinachomjua ndugu yake. Ukitumia modeli, orodha ya kupuuzwa inaweza kweli kufa. Ile ya kulindwa na ile ya kuunganisha zinazidi kuhitajika, ila sasa zinasimama mlangoni pa kutokea: chochote modeli inachopendekeza kilinganishwe nazo, kinachofanana kigeuzwe kuwa umbo moja lililokubaliwa, na kilicho kipya kisubiri mhariri.

Vyovyote utakavyochagua, orodha zikae kwenye faili la maandishi matupu, neno moja kwa mstari, kando yake sababu ya kuingizwa, tarehe na jina la aliyeingiza. Neno lisilo na sababu iliyoandikwa litaondolewa na mtu mwingine mwakani naye akiwa na haki kabisa. Kabla ya kuanza, chagua makala hamsini za aina mbalimbali, habari, michezo, maoni, matangazo ya serikali, na mhariri aandike kwa kila moja maneno matano ambayo angependa yapatikane. Hizo ndizo kipimo chako. Kila badiliko la orodha lipitishwe juu yake, na kama neno ulilofuta limekuondolea taka mbili na kukupotezea istilahi moja ya mhariri, lirudishe. Mabadiliko yaliyopita mtihani huo yasisambazwe mara moja kwenye makala za zamani. Lebo ina ukurasa wake, na ukurasa una anwani ambayo watu wameihifadhi na tovuti nyingine zimeiunganisha. Kwa hiyo tengeneza kwanza jedwali la lebo zinazokufa na zinazozirithi, elekeza kila anwani ya zamani kwa mrithi wake kwa njia ya kudumu, jaribu chache kwa mkono, na hapo ndipo uichanganue upya hifadhi nzima, usiku, wakati wasomaji ni wachache.